Kitalu Kina Bwana Shamba, Mtoto Hana

Nenda Urambo, Kaliua au Sikonge mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado hazijaanza. Utakuta vitalu vya tumbaku vimefunikwa nyasi, vinamwagiliwa asubuhi na jioni, na mtu mzima ameinama anang'oa magugu moja moja kwa ncha za vidole. Mche wa tumbaku hukaa kitaluni miezi miwili hivi, na katika miezi hiyo haukosi kitu. Mbegu imekuja kwa mkopo kupitia chama cha msingi, mbolea imekopeshwa, dawa ya wadudu imekopeshwa, na bwana shamba anapita na pikipiki kukagua kama majani yana madoa. Kitalu kikiharibika, habari zinafika ofisini haraka, kwa sababu ndani yake kuna deni na kuna watu wanaolidai.

Hatua chache kutoka hapo, chini ya mwembe, yuko mtoto wa miezi minane juu ya kipande cha khanga. Mlezi wake ni dada yake wa miaka sita. Chakula chake ni uji mweupe wa mahindi uliopikwa alfajiri, umepoa, umeganda juu. Hakuna anayekuja na pikipiki kumkagua yeye. Serikali, kampuni na chama cha msingi hawakubaliani mambo mengi, lakini juu ya mtoto huyo wamekubaliana: ni shughuli ya mama yake.

Mimi ni mtu wa Chemchem, Tabora mjini, na ninaandika haya nikiwa na hasira. Jambo hili limezoeleka mkoani kwetu hata kulitaja kunaonekana kukosa adabu mbele ya zao linalotusomeshea watoto. Basi nakosa adabu.

Wakati mche ule unahesabiwa majani, kichwani mwa mtoto yule kunafanyika kazi ambayo haitafanyika tena kwa kasi hiyo maisha yake yote. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye uzito wa kama robo ya ule wa mtu mzima. Akitimiza miaka miwili umefika karibu robo tatu. Akifika umri wa kuanza darasa la kwanza umekaribia asilimia 90. Itafakari hesabu hiyo, mwalimu unayenisoma: mtoto unayemwandikisha Januari anakuletea kichwa kilichokwisha kujengwa na watu wengine, kwa chakula chao na kwa maneno yao. Seli zenyewe za neva, ambazo kwa mtu mzima zinakadiriwa kufika bilioni 86, karibu zote huwa zimeumbwa kabla ya kuzaliwa. Kazi kubwa inayobaki ni kuziunganisha, na watafiti wanakadiria kwamba katika miaka ya mwanzo viunganishi vipya zaidi ya milioni moja hujengwa kila sekunde. Kisha ubongo hupogoa. Njia inayopitiwa mara kwa mara huimarika na kuvikwa ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe wa neva, na ile isiyopitiwa huondolewa. Kazi hiyo inakula mno. Mwili wa mtoto mchanga ukiwa umetulia, zaidi ya nusu ya nguvu unayotumia inakwenda kwenye ubongo.

Anayedhani haya ni maneno ya vitabuni amuulize daktari wa macho habari za mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho. Mtu mzima mwenye ugonjwa huo akisubiri miaka kumi ndipo afanyiwe upasuaji, anaona. Mtoto aliyezaliwa nao akisubiri miaka kumi, jicho litasafishwa, mwanga utaingia, na bado hataona vizuri, kwa kuwa ule upande wa ubongo uliopaswa kujifunza kuona katika miezi ya mwanzo haukupata cha kujifunzia. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha jambo hili kwa paka wachanga katika miaka ya 1960, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Mama anayeambiwa na ndugu "subiri kwanza akue kidogo" anapewa ushauri unaompofusha mwanawe.

Lugha nayo ina majira yake, ingawa mlango wake haufungwi kwa ukali ule. Mtoto wa miezi sita hutofautisha hata sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia, na anapokaribia mwaka mmoja masikio yake yamekwisha kuchagua zile za nyumbani. Maana yake mtoto wa Uyui, anayesemeshwa Kinyamwezi na bibi na Kiswahili na mama, amekwisha kuzipanga lugha mbili kichwani kabla hajasimama dede. Halafu baba anapita, anamtazama, anasema, "Huyu bado haelewi kitu."

Anaelewa, baba Fulani. Akikuita kwa kuguna nawe ukamgeukia, akacheka nawe ukacheka, ukamtajia jina la kile anachokionyesha kwa kidole, hapo umejenga ubongo wa mwanao kwa mikono yako, na hukuhitaji mkopo wa chama. Akiguna na asijibiwe, leo na kesho na msimu mzima, anaacha kuguna. Wengi humsifu mtoto wa namna hiyo kwamba ni mtulivu, hasumbui.

Tabora ina sababu zake za kuogopa kuliko mikoa mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta na malaria takriban asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Tabora ilikuwa asilimia 23, ya juu kuliko mikoa yote. Nyuma ya asilimia hizo kuna kitu ambacho kila mama wa huku anakijua na anakiogopa kukitaja usiku: degedege. Homa inapanda, macho yanageuka juu, mwili unakakamaa, mikono inapigapiga hewani. Vizazi na vizazi wazee waliiona kuwa kazi ya ndege wa usiku au ya shetani. Wako waliomfukiza mtoto moshi wa kinyesi cha tembo, na wako waliokataza kabisa sindano wakiamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa atakufa. Siwadharau wazee hao. Waliona watoto waliocheleweshwa wakifia hospitali muda mfupi baada ya sindano, wakaunganisha mambo kadiri walivyoweza.

Sisi tunajua zaidi yao, na hatuna pa kujificha. Vimelea huziba mishipa midogo ya damu kichwani, sukari ya damu hushuka, na kila saa inayopita inachukua kitu. Watafiti katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye takriban mmoja kati ya kila wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kutulia kwenye jambo moja. Nasema waliopona. Hao ni watoto ambao daftari la wodi liliandika "ameruhusiwa", nyumbani akachinjwa kuku wa shukrani, na miaka mitano baadaye mwalimu anawaita wazito wa kuelewa na kuwachapa kwa jeraha ambalo hawakujitia.

Dawa mseto ipo. Kipimo cha haraka kipo. Chandarua mama mjamzito anapewa kliniki. Kinachokosekana ni mtu wa kumfikisha mtoto zahanati siku ya kwanza ya homa, kwa sababu tumbaku huchumwa kati ya Januari na Aprili, miezi ileile ambayo mbu wamejaa, na jani likiiva halisubiri, lazima liingie bani kukaushwa. Homa ndiyo inayoambiwa isubiri. Nimesikia mara nyingi mno sentensi hii: "Tumalize kwanza bani hili la pili, kesho nitampeleka."

Sasa chakula, na hapa hasira yangu ina historia ndefu.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, walikuta mji wa misafara uliokwisha kukomaa. Wanaume wa Kinyamwezi walikuwa wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, kilo 30 hivi begani, na mabega hayo ndiyo yaliyoitajirisha pwani. Reli ilipofika mwaka 1912 mzigo ukahamia kwenye mabehewa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, ikatuletea mradi wa karanga: Kongwa, Nachingwea, na Urambo yetu. Ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36, na pale Urambo zao lililoshika nafasi ya karanga ni tumbaku. Naomba msomaji asimame hapa. Ardhi ni ileile. Karanga, yenye mafuta, protini na foleti ambazo ubongo wa mtoto unazililia, ilipandwa kwa ajili ya majiko ya London, na iliposhindikana tukapanda jani lisilolika. Katika miaka yote hiyo, tangu pembe hadi sigara, hakuna aliyewahi kuja Unyamwezi kuuliza mtoto wa huku amekula nini.

Na chakula kipo! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mkoa huu unalima karanga, njugu mawe, maharage na viazi vitamu. Tuna nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, tuna mlenda, masika tuna uyoga wa miombo, na dagaa wa Kigoma wamejaa sokoni. Kuku wanazunguka uani. Lakini yai linauzwa, karanga zinauzwa, na mtoto anapewa uji mweupe na sukari, akikua kidogo chai ya rangi na andazi. Chai hiyo ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuyanyonya madini chuma, na chuma ndicho ambacho ubongo unakihitaji ili kuzivika neva zake ala ile ya mafuta. Utafiti wa 2022 uliwakuta watoto karibu sita kati ya kila kumi wa Tanzania wana upungufu wa damu, na watatu kati ya kila kumi wamedumaa. Mkoa uliokuwa na udumavu mkubwa kuliko yote ni Iringa, asilimia 57, Iringa yenye maghala ya mahindi. Kwa hiyo tusijifariji kwamba tumbo la mtoto limejaa. Na tuache kuuona udumavu kuwa ni ufupi. Futi kamba inapima urefu kwa sababu urefu ndio unaopimika kwa kamba, huku hasara iliyo kichwani ikibaki bila kupimwa.

Shikamoo mama mkwe. Nakuomba kwa heshima zote, usimkataze mkwe wako mjamzito kula mayai kwa kuogopa mtoto atazaliwa bila nywele. Nywele zitaota. Mfereji ambao ndani yake hujengwa ubongo na uti wa mgongo hufunga katika wiki nne za kwanza za mimba, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wamebeba, na foleti ikipungua ndiyo tunapata watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa. Unga wa viwanda vikubwa huongezwa foliki asidi. Mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya kijijini, ambayo ndiyo wanayokula watu wetu, mara nyingi hayaongezwi chochote.

Mwanamke huyohuyo ndiye anayechuma. Jani bichi lenye umande hutoa nikotini inayopenya ngozi, na wachumaji wote wanakijua kizunguzungu na kutapika kwa asubuhi hizo. Nikotini hupita kondo la nyuma na kugusa vipokezi ambavyo ubongo wa mtoto aliye tumboni huvitumia kujipanga. Mwanamke ambaye hajavuta sigara hata moja maishani anaweza kumfikishia mwanawe nikotini kupitia viganja vyake. Baada ya kuchuma kuna kufunga majani kwenye fito, baada ya fito kuna kuni za bani, baada ya bani kuna kuchambua madaraja. Familia nyingi huhamia kambi za porini msimu mzima, mbali na bibi, mbali na zahanati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na baba siku 3. Mama wa kambini hana hata moja. Nzega nako, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, wapo kina mama wanaochoma zebaki na mtoto yuko mgongoni, ilhali dunia ilikwisha kujifunza kule Minamata, Japani, kwamba zebaki inaweza kumwacha mama na dalili kidogo tu na kumharibu ubongo mtoto aliye tumboni mwake.

Najua nitaambiwa, "Sisi tulikua hivyohivyo, mbona tuko sawa?" Nimelisikia hilo vijiweni, misibani, hata kwenye vikao vya wasomi. Wanaolisema ni waliofika kikaoni. Ambao hawakufika hawapo kujibu: waliokufa kwa degedege, walioacha shule darasa la tatu wakiitwa mbumbumbu, wenye mtindio wa ubongo waliofichwa vyumba vya nyuma. Tena si kweli kwamba tulikua hivyohivyo. Mwanamke wa zamani aliyejifungua alikuwa na arobaini yake, akikaa ndani, akipikiwa na wanawake wenzake. Mtoto alikaa mgongoni kwenye mbeleko mchana kutwa, akisikia mazungumzo ya watu wazima, na jioni alikuwa mapajani kwa bibi. Wazungu walikuja kujifunza kwetu haya. Mtafiti Mary Ainsworth aliketi na akina mama wa Buganda mwaka 1954 na 1955, akiandika jinsi mtoto anavyomtafuta mama na mama anavyomjibu, na kutoka hapo ikakua sehemu kubwa ya elimu ya leo kuhusu mapenzi ya mtoto na mlezi. Mtafiti mwingine, Charles Super, aliwakuta Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea, na watoto hao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Bibi zetu waliyajua haya bila kuliona hata picha ya ubongo. Tulichowanyang'anya mabinti zao ni muda, na muda huo umekwenda kwenye fito.

Mkoa wetu unajivunia shule zake. Tunaitaja Shule ya Tabora, iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 wakiwafikiria kwanza watoto wa machifu, na tunamtaja Julius Nyerere aliyeingia hapo mwaka 1937. Ni haki yetu. Lakini Nyerere alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, na alipoteremka Tabora alikuwa na miaka 15. Akili ile haikuanzia ubaoni kwetu. Ilianzia Butiama, nyumbani kwa mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, miaka mingi kabla ya chaki. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, viongozi wetu huitana na kuulizana kwa nini mkoa umeshuka, walimu wanahamishwa, wakuu wa shule wanakaripiwa. Sijasikia hata mara moja kikao hicho kikiuliza watoto hao walikuwa wapi miaka kumi na sita iliyopita, Machi, saa nne asubuhi, wazazi wao wakiwa shambani.

Tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndiko ukweli wa mtu unakojulikana. Serikali imezitaka halmashauri zitenge angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na Septemba 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Nashukuru kwamba agizo lipo, maana zamani halikuwepo kabisa. Lakini shilingi elfu moja ni mayai mawili au matatu. Mayai mawili au matatu kwa mwaka mzima, kwa ubongo unaojenga viunganishi milioni kwa sekunde, na bado zimekuwepo halmashauri zinazohojiwa kwa kushindwa kutoa hata hizo. Posho za kikao kimoja zinazidi fungu la kijiji kizima. Sitaki kusikia kwamba nchi ni maskini. Maskini ni yule ambaye amegawa alichonacho na hakikutosha, na sisi hatujagawa.

Mipango nayo ipo, tena mizuri. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka 2021/22 hadi 2025/26, inayotaja mambo yote niliyoyaeleza: afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio, kujifunza tangu mapema. Januari 2024 ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaotarajiwa kuzidi 137,000 nchi nzima. Nawaomba wanaousimamia wawafikishe watu hao kambini kwenye tumbaku kwanza, na wasiwape mzani peke yake. Mama anatembea saa mbili hadi kliniki, mtoto anapimwa, anachanjwa, kadi inaandikwa, kwaheri. Nani kamuuliza kama mtoto anaitika akiitwa? Nani kamwonyesha jinsi ya kucheza naye na kopo na mawe mawili? Chanjo ya surua ya miezi kumi na minane ikishapita, wengi hawaonekani tena kliniki hadi siku ya kuandikishwa shule.

Kwamba hili linawezekana hata kwa watu wasio na kitu, ushahidi upo. Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa. Kwa baadhi yao, mhudumu wa kawaida wa jamii, ambaye si mwanasaikolojia wala daktari, alifika nyumbani saa moja kwa wiki kwa miaka miwili, akamwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa, kwa asilimia 25. Karibu na kwetu, Mombasa, Bi Swafiya Said alianza katika miaka hiyohiyo ya 1980 kuwafundisha wanawake wa mitaani kuendesha shule za awali ndani ya madrasa, kwa vifaa vya vifuu, magunzi na vitambaa, na kazi hiyo ikavuka hadi Zanzibar na Uganda. Tabora ina madrasa, ina parokia, ina makanisa kila kona kuanzia Isevya hadi Kwihara. Masheikh wetu na mapadri wetu, kumbi zenu zinakaa tupu Jumatatu hadi Alhamisi.

Sisemi kwamba mtoto aliyevuka miaka mitatu amepotea, na nitamkatalia yeyote atakayemwambia mama hivyo. Watoto wa vituo vya yatima vya Bucharest, Romania, waliopelekwa kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika kuliko waliochelewa, lakini hata waliochelewa walisogea. Ubongo hauachi kujifunza. Ila kila mwaka tunaouchezea mwanzoni, unalipiwa baadaye kwa jasho kubwa zaidi na faida ndogo zaidi, na anayelipa ni mtoto.

Kwa hiyo nawaambia madiwani wa halmashauri zote za tumbaku, kabla hamjaketi kupitisha bajeti ijayo. Mnakata ushuru wa asilimia 3 kwenye tumbaku. Tengeni robo ya ushuru huo kwa watoto wa miaka sifuri hadi mitatu, iandikwe kwenye kifungu chake, isiguswe kwa mafuta ya magari wala kwa mbio za mwenge. Msiniambie halmashauri haiwezi kufungwa kwa kiwango, kwa sababu sheria tayari inawataka mtenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya wanawake vinavyoomba mikopo hiyo vingine vipewe kazi ya kulea watoto mchana, walipwe kwa fungu hilo, wapikie uji wa karanga na dagaa, wawe na kipimo cha malaria jirani. Kampuni zinazonunua tumbaku na kusaini mikataba na wakulima zichangie, kwa kuwa saa za mama zimo ndani ya kila robota wanalopakia. Kila chama cha msingi kina ghala. Pembeni mwa kila ghala pajengwe banda la watoto, na kwenye kila kambi yenye familia kumi pawepo jingine la miti na nyasi. Lianze kazi Januari, siku kuchuma kunapoanza. Na kwenye mkutano wa kijiji akina baba wasiulizwe kama wanalitaka banda hilo. Waulizwe nani atakata miti, nani ataezeka, na Jumatatu ya kwanza nani atachota maji.